Karatasi Isiyoungua

Siku mbili baada ya kumzika Zawadi nilikaa kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Gisenyi, mbele yangu chupa ya maji na kalamu ya bure, nikafundishwa jina la kosa langu. Aliyetufundisha alikuwa binti aliyekuja na basi la asubuhi kutoka Kigali, wa umri ule ule niliokuwa nao mimi mwaka nitakaousimulia. Maneno yake yalikuwa ukutani kwa Kiingereza, makubwa, na maelezo aliyatoa kwa Kinyarwanda, polepole, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba wasikilizaji wake watasinzia baada ya chakula cha mchana. Mimi nilikuwa na kazi ya ziada. Kliniki ninayofanyia kazi hupokea wagonjwa wengi wanaovuka kutoka Goma, na mkurugenzi wetu alitaka bango la Kiswahili pale mapokezi, ili mgonjwa ajue haki zake kabla hajatoa jina lake. Kwa kuwa mimi ndiye afisa wa ulinzi wa taarifa, cheo ambacho wauguzi hawakitaji bila kucheka, bango likawa langu. Basi wenzangu waliposinzia, mimi nilikuwa natafuta Kiswahili cha kila neno.

Neno la kwanza lilinisumbua. Ni lile la kumtaja mtu ambaye habari zake ziko mikononi mwa ofisi. Wataalamu wanamwita mhusika wa taarifa. Nikaandika hivyo, nikakata, nikaandika: mwenye jina. La pili ni la yule anayeamua habari zikusanywe kwa nini na zitumikeje, nikaandika msimamizi. La tatu ni la yule anayezishika kwa niaba ya msimamizi, anayeziingiza, anayezipanga na kuzichapa. Hilo niliachia nafasi wazi, kwa sababu mtu huyo nilikuwa namfahamu mno. Kisha binti akafika kwenye uvujaji. Akasema tusidhani uvujaji ni kazi ya wezi wa kompyuta wa Ulaya tu. "Hata hospitali ikitupa karatasi za wagonjwa," akasema, "halafu mama mmoja akazichukua akafungia karanga, huo ni uvujaji." Ukumbi mzima ulicheka. Nani kati yetu hajawahi kula karanga huku akisoma mtihani wa hesabu wa mtoto wa watu? Binti akafurahi kuona tumeamka, akaongeza kwamba uvujaji ukitokea, ofisi ina saa arobaini na nane za kutoa habari kwa mamlaka, na mwenye jina naye aambiwe. Saa arobaini na nane! Mimi nilikuwa nimechelewa kwa miaka kumi na saba, na mama wa karanga wa kwangu, Zawadi, alikuwa kaburini tangu Jumapili. Nilitoka kama mtu anayeenda msalani, nikasimama bustanini nikilitazama ziwa, nikalia kwa hasira. Nilistahili hasira hiyo mimi mwenyewe, lakini kwa dakika chache nilimchukia yule binti na kalamu zake.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na kazi yangu ya kwanza ya mezani. Ya nyuma ya hapo, nani alinizaa na nani alinisomesha, hayana uzito hapa. Nilipanga chumba Mbugangari, karibu na Petite Barrière, ule mpaka mdogo ambako watu hupita kwa miguu kwenda Goma na kurudi, kila mmoja na mzigo wake. Nyumba ilikuwa ya mawe meusi ya volkano. Mlango mmoja ulikuwa wangu, wa pili wa Zawadi, na katikati tulikuwa na kibaraza cha saruji tulichopikia sote wawili wakati wa mvua. Alfajiri Zawadi alikaanga sambaza hapo kibarazani, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kisha akawabeba kwenye beseni mpaka kwenye meza yake mpakani. Chumba changu kilinuka samaki. Nguo zangu za ofisi zilinuka samaki, na mwanzoni niliona aibu, baadaye pua ikazoea. Alinizidi miaka kama kumi. Alikuwa mzaliwa wa Goma, mjane, na mtoto mmoja wa kike, Neema, aliyesoma shule ya bweni, na alinifanya mdogo wake kabla sijamwomba. Jioni alinibakizia sambaza na bugali wa muhogo, akakaa kunitazama nikila.

"Kula, Dona," alikuwa akisema. "Mutu wa kuandika anapaswa kula kupita mutu wa kubeba, juu kichwa nayo inasikiaka njaa."

Nami nilimlipa kwa kumsomea. Zawadi hakujua kusoma hata herufi moja, na hilo alilificha kwa ujanja mkubwa. Barua ya ndugu yake ikimfikia pale mpakani, aliifungua mbele ya wenzake, akaitazama kutoka juu mpaka chini, akatikisa kichwa, akaikunja na kuiweka kifuani. Jioni ndipo aliponiletea nimweleze kulikuwa na nini. Wanawake wenzake walidhani amefika darasa la sita. Aliyejua ukweli ni mimi peke yangu, na nilijivunia kuaminiwa. Ujana una majivuno ya bei rahisi.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa uzazi wa mpango, mradi ambao umekwisha zamani na jina lake siwezi kulitaja. Ilikuwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne, uwanja wenye miti ya parachichi, na mkuu wake Bwana Method, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili kilichonyooka sawa na suruali zake. Wauguzi walinipa fomu walizojaza kwenye vituo vya afya, mimi nikaziingiza kwenye kompyuta, na kila Ijumaa nikachapa orodha mpya ya wanawake wanaotakiwa kurudi kwa sindano ya miezi mitatu. Jina, umri, mtaa, tarehe. Halafu safu ya mwisho, ambayo hata leo nikifumba macho naiona: Mume anajua? Ndiyo au hapana. Niliwahi kumuuliza Bwana Method ile safu ni ya nini.

"Wafadhili wameitaka, Donata," alisema, akivua miwani. "Wewe jaza tu."

"Na wao wataifanyia nini?"

"Wataifanyia ripoti."

Juzi nimefundishwa kwamba ofisi isikusanye ila kile inachokihitaji, kwa lengo inaloweza kulieleza mbele ya mwenye jina. Watu wamekaa mahali, wamelifikiria jambo hilo, wameliandika sheria. Kwenye bango nimeweka: Tutakuuliza yale tu tunayoyahitaji ili kukuhudumia. Mstari mmoja. Vestine ungemtosha.

Vestine alitoka Bugeshi, kule kwenye baridi na viazi chini ya volkano, akaolewa huku chini katika sekta ya Rubavu. Alikuwa na mabinti wawili, mkubwa akiitwa Divine. Mimba ya pili ilimfikisha karibu na kifo, na muuguzi alimwambia ukweli kwamba ya tatu ikija mapema huenda asiamke. Nyumbani kwao hakuna aliyetaka kusikia hayo, kwa kuwa mume na mama mkwe walikuwa wakingoja mvulana. Alileta viazi mpakani, gunia lake likakaa karibu na meza ya Zawadi, na wakawa marafiki wa kugawana mwavuli mmoja. Siku ya sindano gunia alimwachia Zawadi. Kila asubuhi, kabla hajatua mzigo, alimsalimia kwa sauti ambayo mpaka mzima uliisikia, "Jambo, Zawadi!", na Zawadi alijibu kwa kugonga kijiko kwenye beseni. Siku moja nikitoka kazini niliwakuta wamekalia ndoo zilizogeuzwa, wanakula viazi vya kuchemsha na sambaza, wanaongea chini chini. Nilisikia mwisho wake tu.

"Na bwana yako akijua?" Zawadi aliuliza.

"Atajua namna gani? Mi, we na ule muguzi, njo tunajua."

"Bon. Kwangu haitatoka."

Mimi Vestine hakunihesabu. Alinijua kama yule msichana wa ofisini anayekaa na Zawadi. Hakujua ofisi gani hasa, na hakujua kwamba jina lake lilikuwa limepita kwenye vidole vyangu mara tatu, na kwamba kwenye safu ya mwisho nilikuwa nimemwandikia hapana.

Mwaka huo huo ndipo vifuko vya plastiki, vilivyopigwa marufuku, vilipoanza kukamatwa kwa ukali. Wanawake walivivusha wamevifunga viunoni, wakapekuliwa, vikachukuliwa hivyo hivyo. Kila aliyeuza kitu akawa anatafuta karatasi, ziwe daftari za shule, magazeti ya zamani, hata mifuko ya saruji iliyokung'utwa. Zawadi alijaribu ya saruji, wateja wakalalamika kwamba wanatafuna mchanga. Na huku kwetu ofisini Bwana Method alihubiri kwamba karatasi ni mali. Iliyochapwa upande mmoja tuliandikia upande wa pili, na ikishatumika pande zote ilitakiwa kuchomwa kwenye shimo nyuma ya choo. Kuchoma ilikuwa kazi yangu ya Ijumaa. Lakini mvua za Gisenyi mnazijua. Shimo lilijaa maji, kiberiti kililowa, na moto ukikubali, moshi ulikaa kwenye nywele mpaka Jumapili kanisani. Nikaanza kuahirisha. Orodha za zamani zikalundikana kwenye boksi chini ya meza yangu, nyingi zikiwa nyeupe kabisa upande wa nyuma, kwa kuwa tulichapa nyingi kuliko tulizoweza kuandikia. Ijumaa moja nilirudi nyumbani nikamkuta Zawadi amekaa kibarazani, beseni bado nusu.

"Leo batu wamekatala kununua, Dona. Mutu anakuja, ananiuliza: utanifungia na nini? Nitamufungia na mikono?"

Jumatatu yake nilimletea furushi la kwanza, nimelificha kwenye mfuko wangu wa chakula. Alizigusa karatasi kwa ncha za vidole alivyozoea kugusa vitenge vipya sokoni.

"Haki ya Mungu, karatasi ya muzuri! Ata haiyakunjwa. Inasema nini?"

"Majina tu," nikamjibu. "Orodha za zamani, hazina kazi tena."

Majina tu. Nimeishi na maneno hayo mawili muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Sikumchukia mtu yeyote, sikuuza siri ya mtu. Nilimwonea huruma rafiki na nikakwepa moshi, basi. Kwenye mafunzo nilitafuta neno la jambo hilo nikalikosa, kwa sababu sheria inajua uzembe na inajua nia mbaya, lakini uvivu uliovaa nguo ya wema bado haijaupa jina. Kwa miezi miwili watu wa mpakani walikula sambaza kutoka kwenye orodha zangu. Nilikuwa nikipita nawaona wakimaliza, wakikung'uta chumvi, wakitupa karatasi kwenye matope ambako miguu mia ilizikanyaga, na nilijisikia mtu mwenye msaada. Jioni sahani yangu iliongezwa samaki.

Aliyesoma alikuwa wifi yake Vestine, Mama Aline, mwimbaji wa kwaya, mwenye tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, hata kibandiko cha sabuni. Alinunua sambaza kwa Zawadi akielekea kwa kaka yake. Walikula wote mezani, Vestine mwenyewe akiwa amepika bugali. Sahani zilipoondolewa Mama Aline akainyoosha karatasi, akapitisha kidole chini ya majina, na kwenye mstari wa tisa akalikuta jina la Vestine. Mtaa wao, umri wake, tarehe ya kurudi kwa sindano. Na hapana. Akasoma kwa sauti.

Asubuhi ya pili yake Vestine alikuja kwetu. Mvua ilikuwa ikinyesha, kitenge kimemganda mwilini, jicho moja limevimba. Zawadi alikuwa kwenye mafuta. Mimi nilisimama mlangoni kwangu na kikombe cha chai, tayari kwa kazi.

"Zawadi, soma," Vestine alisema, akimnyoshea karatasi iliyoingia mafuta mpaka ikawa inapitisha mwanga.

Zawadi akaishika. Akaitazama kutoka juu mpaka chini, alivyozoea.

"Soma, nakuambia! Hii ulifungia wifi yangu. We peke yako ulijuaka. Karatasi zote zenye ziko kwa meza yako, ukamuchagulia ile ya mi?"

Nikamwona Zawadi akiinua macho kutoka kwenye karatasi na kuyaleta kwangu. Hakukaa sana, ni muda wa kuhesabu moja mpaka tatu. Hapo ndipo alipofahamu yale majina tu yalikuwa majina gani. Kisha akayarudisha macho kwenye mafuta.

"Vestine, mi sikuchagua kitu."

"Donc ilitoka wapi?"

"Niliokotaka. Kwa shimo ya ile ofisi ya sindano. Wanatupaka, mi naokota."

Angeweza kusema hajui kusoma. Angeweza kuninyoshea kidole, nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Mimi nilikunywa chai. Mungu anisamehe, niliinywa chai ile mpaka chini.

"Nilikuwaka nakusalimia mbele ya kusalimia mama yangu mwenyewe," Vestine alisema. Hakupaza sauti tena. "Ile imeisha. Hautasikia tena jambo ya kinywa yangu, mpaka moja kati yetu tumuzike." Akaichukua karatasi yake, akaondoka na mvua. Samaki waliokuwa kwenye mafuta waliungua, na sijawahi kumwona Zawadi akiunguza samaki siku nyingine.

Wazee wa upande wa mume walikaa kikao siku moja tu. Vestine akarudishwa Bugeshi na mabinti wakabaki kwa baba yao, mdogo akiwa na miaka mitatu. Kwetu ofisini habari zilifika kupitia muuguzi, na Bwana Method akatuita mmoja mmoja. Karatasi ile ilikuwa mezani kwake. Sijui aliipataje, labda familia ya mume ililalamika.

"Donata, hizi huwa unazichoma?"

"Nazichoma."

"Zote?"

"Zote, bwana. Labda mvua ilizima moto."

Akaniambia kwamba muuza samaki ameshahojiwa na amekiri kuokota shimoni. Huku akisema hivyo aliinyoosha karatasi kwa kiganja, taratibu, pembe hadi pembe. Pembe zote nne zilikuwa nzima. Hakukuwa na alama ya moto wala ya matope, hakukuwa na hata mkunjo wa kitu kilichotupwa. Kulikuwa na mafuta tu. Aliitazama, akanitazama, na nikajua kwamba anajua. Halafu akaifungia ndani ya droo. "Jambo hili limekwisha," akasema. "Mradi una watu wengi wa kuhudumia." Mwezi uliofuata alininunulia kabati lenye kufuli na kunipa cheo cha mtunza kumbukumbu. Nilipokea. Kwenye wasifu wangu wa kazi, huo ndio mstari ulionifungulia milango yote iliyofuata, hadi huu wa afisa wa ulinzi wa taarifa.

Zawadi yeye alihamishwa bila barua. Wanawake wenzake waliacha kununua, kisha wakaacha kumwazima chenji na mwavuli, na jina likamshika: Mwizi wa Siri. Akasogeza meza mpaka mwisho kabisa, kando ya mtaro, akawa anawauzia wapita njia wasiomjua. Jioni aliendelea kunibakizia samaki, wachache kuliko zamani, na mimi niliendelea kuwala. Siku moja nilijitia moyo nikamuuliza kwa nini alifanya vile.

"We uko na kazi ya meza," alisema, akichagua mawe kwenye maharage. "Mi niko na beseni. Beseni haifukuzwake."

"Ungesema hujui kusoma."

"Batu wangenicheka." Akafikiri kidogo. "Na halafu wangeuliza: donc nani alikupatia?"

Mwaka ulipokwisha nilihama, nikapanga nyumba nzuri zaidi juu mjini, mbali na harufu ya samaki. Vestine alirudi mpakani na viazi vyake. Kwa miaka yote hiyo nilipopita Petite Barrière niliona jambo lile lile. Vestine anashuka na gunia, anafika kwenye meza ya mtaroni, Zawadi anakohoa kidogo, na Vestine anapita macho yake yakiwa barabarani. Kwetu hapa mtu anaweza kukunyima chumvi mkabaki majirani, lakini akikunyima salamu amekufuta kwenye hesabu ya walio hai. Mimi walinisalimia wote wawili. Mimi nilikuwa Madame Donata wa kliniki.

Siku ya pili ya mafunzo, baada ya kupewa vyeti na kupigwa picha, nilikwenda sokoni nikamkuta Vestine akichagua viazi, vikubwa huku, vidogo huku, vilivyooza pembeni. Nywele zake ni nyeupe kuliko zangu. Nikakaa kwenye gunia tupu nikamwambia yote, boksi, mvua, furushi, chai. Aliendelea kuchagua.

"Aliniambiaka aliokota," alisema.

"Nilimpa mimi, Mama Divine. Na hakujua kusoma. Hata jina lake hakulijua kwa macho."

Hapo mkono ukasimama. Kukiri kwangu hakukuusimamisha, ila hilo la kusoma.

"Donc alifunga tu."

"Alifunga tu."

"Miaka yote hii napita pale, anakohoa ili nimuangalie, na mi naangalia barabara." Alishika kiazi kimoja muda mrefu. "Bwana, bon, bwana angenifukuza siku ingine juu ya kitu ingine. Batoto walikomaa, wananipigiaka simu. Lakini ule mwanamuke..."

"Nisamehe."

"Usiniombe musamaha hapa kati ya viazi. Samedi wanamaliza kilio. Mi sikufika kumuzika, lakini Samedi nitafika. Utasema pale, mbele ya bale batu wenye walimuita mwizi."

Jumamosi tulikaa chini ya hema nyumbani kwa Zawadi, viti vya kukodi, Fanta, picha yake kubwa juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe. Ndugu zake walivuka wengi kutoka Goma, kwa hiyo mazungumzo yakawa ya Kiswahili. Neema, ambaye sasa ni mwalimu, alikaa mbele. Wanawake wa mpakani walikuwepo karibu wote. Mchungaji alipouliza nani ana neno juu ya marehemu niliinua mkono, nikapewa kipaza sauti, nikatoa karatasi yangu. Nilikuwa nimeiandika vizuri. Nilisema kwamba miaka mingi iliyopita kulitokea uvujaji wa taarifa binafsi. Nilisema kwamba taarifa zilizokuwa chini ya usimamizi wa ofisi zilimfikia mtu asiyehusika, pasipo ridhaa ya wahusika, kutokana na utaratibu hafifu wa kuharibu kumbukumbu, na kwamba marehemu alilaumiwa isivyo haki. Kila neno lilikuwa la kweli, na ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja. Watu walitikisa vichwa kwa heshima wanayompa mtu aliyesoma. Mchungaji akasema amina, akanishukuru kwa fundisho. Mmoja wawili wakapiga makofi. Miguu yangu ilianza kunirudisha kwenye kiti, na nitasema ukweli, nilisikia nafuu.

"Dona."

Vestine alikuwa amesimama nyuma kabisa, pale hema linapoishia, na udongo wa viazi kwenye kitenge.

"Hatujasikia," akasema. "Nani alifanya nini?"

Viti viliguna watu walipogeuka. Niliikunja karatasi. Nikatafuta Kiswahili kimoja tu ambacho Zawadi angekielewa, kikaja chenyewe.

"Ni mi," nikasema. "Ni mi nilimupatia Zawadi zile karatasi. Walinituma kuzichoma, sikuzichoma. Hakuokota kitu. Hakujuaka kusoma. Alidanganya ili nisifukuzwe kazi, na mi nilikuwa pale, nikanyamaza."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja wa mpakani alijifunika uso kwa khanga. Neema alinitazama tu, na macho yake yalikuwa ya mama yake asubuhi ile ya mvua, ila yeye hakuyaondoa. Nilibaki na kipaza sauti mkononi, sijui nimpe nani. Vestine akaja mbele kupitia katikati ya viti. Alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa kwa kitenge, hakuniangalia, akaenda kusimama mbele ya ile meza ndogo.

"Jambo, Zawadi," akasema.

Akangoja, kama mtu anavyongoja kuitikiwa.

"Jambo, Zawadi. Ni mi, Vestine."